Bibi Harusi Asiyeshtuka

Nastehi, na nyinyi wenzake mliobaki zahanati, mmenitaka niandike kazi nilivyoifanya. Magoti yangu yamestaafu, nami nimelazimika kuyafuata. Nimekubali kwa sharti moja: asije mtu akayasahihisha maneno yangu mpaka yakawa ya kwake. Mimi nimesoma chuoni tu, Kurani, kwa Mwalimu Shee Madi kule Ngumi, kisiwani kwetu, naye alikuwa akichapa kwanza, kuuliza baadaye. Hizi herufi za kizungu nimezipata uzeeni, juu ya kadi za wagonjwa. Mkiona neno "kushoto" na neno "kulia" nimeyaandika vizuri kuliko mengine yote, mjue ndiko yalikotoka.

Majina nayakumbuka yote. Ya wagonjwa siyaandiki, isipokuwa la mmoja, naye ruhusa kanipa kwa kinywa chake, mumewe akisikia. Alisema, "Andika, Bi Mkasi, na uandike kwamba nilikuwa mzuri." Alikuwa mzuri. Jina lake Mwanashee. Naanza na yeye, kwa sababu kazi hii niliiharibu miaka mingi kabla hawajaniajiri.

Kule Ngumi nilikuwa somo. Somo ndiye mwanamke anayemchukua mwari wiki ya harusi, akamweka ndani, akamsugua mwili kwa liwa, ndiko kumsinga, akampaka hina, akamfukiza udi, akamwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Ngozi ya msichana hakuna aijuaye kama somo wake, si mama, si mume. Nilikuwa najua nani alikatwa na chaza gotini, nani ana alama ya kuzaliwa na wapi, na nikikutana nao njiani wamevaa buibui nawasalimu kama sijui kitu.

Mwanashee alikuwa na miaka kumi na tisa, anaolewa na Athumani Bwanaheri, kijana wa kuunda mashua. Siku ya pili ya kumsinga nikaona baka nyuma ya mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Limepauka, kavu, halina hata unywele.

"Hili nini, mwanangu?"

"Lipo tangu mwaka juzi, somo. Haliwashi."

Haliwashi! Mimi nikafurahi. Nikasema ni mba, nikalisugua kwa ndimu na chumvi asubuhi na jioni mpaka ngozi ikachubuka. Hakulalamika. Hebu wazeni, wanangu: ndimu na chumvi juu ya mchubuko, na msichana anaimba.

Baka halikutoka. Mama yake, marehemu Bi Khadija Lali, akaanza kuhangaika wakwe wasije wakaona. Nikamwambia, "Niachie mimi." Nikachukua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nikachora ua kubwa lenye majani yaliyopanda mpaka kiwiko, na lile baka nikaliweka katikati likawa kiini cha ua. Sijapata kuchora ua zuri kama lile. Wanawake wa Ngumi walilisifu mwezi mzima, nami nikasifika pamoja nalo.

Siku ya kumfukiza tukamsimamisha, leso zimemzunguka kutoka kifuani hadi chini, chetezo kiko ndani ya leso ili moshi wa udi umpande mwilini. Kaa likaruka likamwangukia juu ya mguu. Harufu ilitufikia kabla macho hayajaona. Mwanashee kasimama vile vile, anatazama mbele. Shangazi yake akapaza sauti, "Mwari mstahamilivu huyu! Ameungua na hakutingishika!"

Kwetu bibi harusi hatakiwi kulia, wala kucheka, wala kushtuka. Ustahamilivu wake wa siku ile ndio watu wanaoutumia kuipimia ndoa yake. Basi vigelegele vikapasua dari, na cha kwanza kilikuwa changu. Niliinama kumpangusa jivu, nikaliona lengelenge linavimba, nikamnong'oneza, "Umenipa sifa mbele ya watu." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua. Hakuwa na habari kwamba ameungua.

Muda si mrefu vita vikaja, tukatawanyika. Mimi nikaangukia Kenya, kambini. Mwanashee na mumewe sikujua wameangukia wapi.

Siku moja pale kambini akapita muuguzi mmoja na fungu la pamba. Nilikuwa nimekaa mkekani napepeta mchele. Akawaambia wanawake wafumbe macho, awaguse kwa pamba, kila mmoja aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Kisha akaeleza kwamba baka lisilowasha wala kuuma, lililokufa ganzi, huenda ni ukoma. Dawa ipo, nayo ni ya bure. Ukiachwa, ganzi hushuka mkononi na mguuni, mtu akaungua asijue.

Mtu akaungua asijue. Ungo ukanitoka, mchele wote chini.

Jirani yangu akauliza, "Bi Mkasi, umeona nyoka?"

Nikasema ndiyo.

Nilimfuata yule muuguzi mpaka kwenye gari lake. Nikamuuliza kama piko ikipakwa juu ya baka huzidisha ugonjwa. Akacheka, akasema, "Piko haina kosa, bibi. Kosa ni kuficha." Akapanda gari akaenda zake, na hajui mpaka leo alinipiga na nini.

Tuliporudi nchini nikakaa Kismayo, mji ulio karibu na visiwa vyetu, nikasikia zahanati ya mtaani kwetu inatafuta mwanamke wa kuzunguka na muuguzi kwenye kambi za nje ya mji kuangalia ukoma. Muuguzi mwenyewe alikuwa Sista Faduma, Msomali mwembamba aliyekuwa akitafuna karafuu mchana kutwa. Nyinyi wadogo hamkumkuta, Mungu amrehemu. Aliniuliza:

"Eddo, unajua kuandika?"

Eddo kwao ni shangazi. Nikajibu, "Najua kuchora."

"Na ukoma unaujua vipi?"

"Najua namna ya kuuficha."

Akaacha kutafuna. Nikamweleza habari za Mwanashee mwanzo mpaka mwisho, mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakunifariji wala hakunilaumu. Alisema, "Kesho saa moja. Njoo na viatu vya kutembelea, si hivyo vya harusi."

Siku ya kwanza alinipa pamba na kunikataza kugusa mgonjwa. Nikajigusa mwenyewe siku nzima. Pamba isokotwe ncha kama utambi. Iguse mara moja na kuondoka. Ukiiburuta, mtu anaifuata njia na kukisia. Anza pale penye ngozi nzima, naye akiwa macho wazi, aujue mchezo, kisha afumbe. Watoto huchungulia, wazee hukisia, na wanaume husema "hapa" hata hujawagusa, maana hawapendi kushindwa. Baada ya pamba, papasa mshipa wa nyuma ya kiwiko, ule ambao ukijigonga unaona nyota. Ukiwa mnene kama kamba, mwite muuguzi. Sisi hatutamki ugonjwa, kazi yetu kuona na kupeleka. Hilo Sista Faduma alilirudia mpaka nikaliota.

Kadi zetu zilikuwa na picha ya mtu, mbele na nyuma, tuchore baka lilipo. Hapo nilikuwa bingwa. Ila kadi moja, mkono ukiwa na mazoea yake, nilijisahau nikalizungushia baka majani na vikonyo. Sista Faduma akaitazama sana. "Eddo, huyu ana ukoma au anaolewa?"

Kambi zenyewe mnazijua. Kulikuwa na watu wa mtoni waliokimbia vita na ukame, kulikuwa na waliorudi kutoka Kenya kama mimi, kulikuwa na ndugu zetu wa visiwani. Wenyeji wa mjini walisema ukoma umeletwa na wageni. Wageni wakasema wameukuta mjini. Sista Faduma akiulizwa alijibu, "Huu hukaa mwilini miaka bila kujionyesha. Mdudu hajapata kuniambia alipanda gari gani." Basi, yakaisha.

Tatizo letu lilikuwa kwamba hakuna anayekuja. Ukitandika mkeka ukasema "njooni tuwaangalie ukoma", hata kuku wanahama. Nami nikajiona mwerevu. Nikachukua bakuli la hina, nikakaa kambini nikatangaza kwamba nawapaka wanawake bure. Walijaa! Nikishika mkono napandisha leso, natazama, napitisha kipamba kama nafuta hina iliyomwagika. Sikumwambia mtu natafuta nini. Watatu niliwatilia shaka, nikawapeleka kwa Sista Faduma nikisema wana upungufu wa damu.

Palikuwa na mwanamke wa mtoni, Habiba, mpana wa mabega, sauti ya kuitia ng'ombe. Akasimama katikati ya watu. "Nyinyi! Mbona anayeitwa kwa daktari ni aliyepakwa hina na huyu bibi? Hina yake ina nini?"

Haikufika adhuhuri, kambi nzima ikawa inasema hina yangu inatia judaan, ndivyo Wasomali wanavyouita ukoma. Wanawake walisugua mikono kwa majivu. Bakuli langu likapinduliwa, na bibi mmoja wa rika langu akanirushia kandambili. Alikosa, lakini nia nimeiandika.

Sista Faduma alinikalisha garini. "Uliwaangalia bila kuwaomba?"

"Nimewasaidia."

"Umewaibia, eddo. Ngozi ya mtu ni mlango wake. Kwa Mwanashee uliufunga mlango kwa nje, hapa umeingia bila hodi. Kote huko aliyeachwa bila kuambiwa ukweli ni mwenye ngozi."

Nililia mpaka zahanati. Naye akanipa karafuu.

Juma lililofuata nikarudi kwa Habiba, bila bakuli, nikaomba msamaha mbele ya watu. Na kwa sababu msamaha mtupu haushibishi, nikawasimulia habari za Mwanashee: baka, ndimu, ua, kaa, kigelegele. Habiba alisikiliza mikono kiunoni. Nilipomaliza alisema, "Kumbe na wewe una aibu zako. Mimi nilidhani wenye hina hamna." Akakunja mkono wa gauni. "Anza na mimi. Hina baadaye."

Tangu siku ile utaratibu ni huo mnaoufuata mpaka leo: neno kwanza, pamba pili, hina mwisho kwa atakaye. Wale watatu, wawili walirudi wenyewe, na mmoja wa hao wawili akapewa dawa, akapona mikono yake ikiwa mizima. Habiba mnamjua, yuko nanyi, na sauti yake bado inaita ng'ombe.

Wakati wote huo namtafuta Mwanashee. Kila mtu wa visiwani aliyekaa mkekani kwangu, nikimaliza kiwiko namuuliza, "Wewe mwana wa nani? Mamako nani? Mwanashee wa Bi Khadija Lali mmemwona?" Sista Faduma alidhani nasaka ukoo. Mmoja akasema alimwona Ras Kamboni. Mwingine akasema wamehamia kisiwa cha Kudhaa, mumewe anaunda mashua kule. Wa tatu, binti wa Ngumi aitwaye Mwanaiki, akasema, "Yupo Kudhaa. Ila siku hizi haendi harusini."

Nikajua. Mwanamke wa kwetu haachi harusi ila ana msiba, yuko kitandani, au ana kitu cha kuficha.

Tulikwenda Kudhaa na boti ya faiba, na wimbi moja likaingia ndani likaloanisha daftari letu la majina, wino wote ukawa bahari. Sista Faduma akashika kichwa. Nikamwambia, "Shika kalamu." Nikamtajia wote, jina, baba, babu, nyumba, baka liko wapi. Aliandika njia nzima, na tulipofika alisema neno moja tu: "Haya." Kwake yeye hiyo ilikuwa nishani.

Mwanashee nilimkuta jikoni. Nilisimama mlangoni nisibishe, nikaona ameshika ukingo wa sufuria inayochemka kwa mkono mtupu wa kushoto, anaiepua bila haraka.

"Hodi, mwanangu."

Aligeuka, mkono ukazama ndani ya leso. "Bi Mkasi? Hujafa?"

"Nimeahirisha."

Tulikumbatiana, tukaulizana waliokufa na waliozaliwa. Mkono haukutoka. Mwisho nikasema, "Nionyeshe ua langu."

Akautoa mkono. "Ua limefutika zamani, somo. Kimebaki kiini, nacho kimekua."

Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimepinda kama ndoana, haviendi. Makovu ya moto yalikuwa mengi, mapya juu ya makuukuu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mazuri na yote yakanikimbia. Nikasema, "Nililiona. Wiki ya harusi yako. Sikujua ni nini, lakini nililiona halisikii, nikalifunika ili nisifiwe."

"Nami nilijua halisikii," alisema. "Nilidhani siri ni yangu peke yangu." Akacheka kidogo, bila furaha, na lahaja ya kwetu ikamtoka, mtu akawa mchu. "Mchu akiungua asilie, wachu humwita shujaa. Hapa kisiwani nashika makaa kwa vidole, watoto wanashangilia. Mwanashee mikono ya chuma." Hapo sauti ikapanda. "Miaka yote hii, Bi Mkasi! Nilikuwa nataka nije nikutukane. Nikaona haya, maana ningekuja kukutukana ningelazimika kukuonyesha mkono."

"Nitukane sasa."

Alinitukana. Siandiki alivyosema, alijifunza vizuri, na mengine nilimfundisha mimi wiki ile ya harusi. Alipochoka akanimiminia chai.

Nikamweleza kwamba dawa ipo, na akianza kuimeza hataambukiza mtu, ila nyumba nzima iangaliwe. Akaurudisha mkono ndani ya leso. "Athumani akijua ataniacha. Na watoto wangu nani atawaoa?"

"Simwambii mimi. Utamwambia wewe."

"Simwambii!"

Mlangoni pakasikika kikohozi. Athumani alikuwa amesimama na randa yake mkononi, mvi kichwani, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mwanashee," alisema, "miaka mitano sasa mimi ndiye ninayekuchambulia miba ya samaki. Ulidhani nimekuwa mpole?"

"Nilidhani umezeeka," akasema Mwanashee, ndipo akalia.

Sista Faduma alimpima mwenyewe, akampa vidonge vya mwanzo vya pakiti akavimeza mbele yetu. Athumani na watoto wakaangaliwa mmoja mmoja, wote wazima. Wa mwisho, Rehema, wakati huo mdogo wa miaka saba au minane, alichungulia mara tatu, akataka arudiwe kwa sababu ananyegereka, pamba inamtekenya. Sista Faduma akaniambia hao niwaangalie kila mwaka, maana huu hauna haraka. Nikaweka nadhiri.

Siku ya pili baada ya sisi kurudi mjini, simu ikalia.

"Somo, nimekwisha." Mwanashee huyo, sauti imekauka. "Nimekojoa nyekundu. Nimeshagawa leso zangu."

Nilikuwa nimesahau kumwambia! Kile kidonge kikubwa hugeuza mkojo rangi kwa siku moja mbili, haina neno. Nikamweleza yote hayo.

"Ile ya zari nimempa shemeji," alisema. "Itakuwa vigumu kuirudisha."

Basi, wanangu, mkojo mwambieni mtu kabla hata hamjamtajia jina la dawa. Ile leso ya zari haikurudi mpaka leo.

Dawa alimaliza. Mabaka yakafifia, kidonda alichokuwa nacho mguuni kikafunga. Vidole havikunyooka. Alinisubiri nimwambie vitanyooka, nami, baada ya yote, nikamwambia ukweli: dawa humuua mdudu, hairudishi alichokwisha kula. Nikamfundisha kuloweka mkono na miguu kila siku, kupaka mafuta, kukagua nyayo, na kushika sufuria kwa kitambaa. Kitambaa kikimteleza. Akakaa akashona mfuko wa leso kuukuu, mnene, wa kuingiza mkono mzima. Ile mifuko mnayogawa kambini si ya shirika lolote, ni ya Mwanashee. Lakini harusini aliendelea kutokwenda, na mkono kwenye leso uliendelea kukaa.

Kila mwaka nilimwangalia Rehema. Alikua, akajifunza kusema "hapa" kwa madaha, kisha akachumbiwa na kijana wa Kismayo. Mimi nikastaafu mwezi ule ule. Mwanashee akaja mjini na mizigo yake kwa jamaa zake akaniambia, "Msinge wewe."

"Mimi? Baada ya yaliyotokea?"

"Wewe. Sasa una macho."

Siku ya pili ya kusinga, nikashusha leso ya Rehema mgongoni, na pale juu ya bega la kulia palikuwa na baka. Limepauka. Ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Mwanashee alikuwa amekaa mbele yangu. Aliona uso wangu kabla hajaona bega. Hakuna aliyetamka mba. Ndimu zilikuwa pale kwenye sinia, zimekatwa tayari, na hakuna aliyezigusa. Niliweka liwa chini, nikamwambia Rehema ukweli: "Mwanangu, kuna baka. Sijui ni nini. Nataka lipimwe na mtu ambaye si mimi, maana la mamako nilishalikosea." Akageuka kumtazama mamake, kisha akasema, "Mwiteni."

Nawe Nastehi ukaja kutoka zahanati. Wenzio hawakuwepo, kwa hiyo nawaandikia wajue. Uliomba ruhusa kwanza. Ulianza kwenye ngozi nzima, macho wazi. Mimi nilikaa upande wa jamaa, mara ya kwanza maishani, na nimegundua kwamba upande ule ni mbali sana. Mwanashee alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto, vidole vitatu vikinibana na viwili vikinigusa tu.

"Fumba macho."

"Hapa," akasema Rehema. "Hapa. Hapa." Ukapita pembeni ya baka. "Hapa." Ukaingia katikati.

"Hapo! Dada, unaninyegeresha, acha!"

Ulipapasa kiwiko, ukamulika kwa tochi, ukakwangua kidogo ikatoka unga. Mba. Mba ya kweli, ya jasho na joto, ya kupaka dawa ya tyubu. Nami nikakwambia umeburuta pamba mara ya tatu, ukasema, "Sikuburuta, ayeyo," yaani bibi. Hukuburuta. Nilikuwa natafuta neno lolote la kusema.

Siku ya tano tukamfukiza. Chumba kimejaa, mashangazi wa bwana harusi mstari wa mbele wanapima ustahamilivu. Mwanashee amejibanza nyuma karibu na mlango, mkono ndani ya leso. Rehema akasimama, tukamzungushia leso, nikasogeza chetezo. Udi mwingine una ukaidi. Kaa likapasuka, likaruka, likamwangukia juu ya mguu.

"Mamaaa!"

Rehema aliruka mpaka dirishani. Chetezo kikapinduka, leso moja ikabaki mkononi mwangu, majivu yakawapata mashangazi. Akawa anarukaruka kwa mguu mmoja, analia na kumtukana aliyevumbua udi. Chumba chote kikaona haya. Shangazi mmoja akafunika uso.

Nikavuta pumzi mpaka kwenye magoti haya yaliyostaafu, nikapiga kigelegele. Nilikipiga peke yangu, kirefu, watu wananitazama kama nimepata wazimu. Kisha kule nyuma Mwanashee akautoa mkono wake wa kushoto kwenye leso, akauweka mdomoni mbele ya watu wote, akakipokea kigelegele changu.